Kivuli cha Debe

Nyumba yetu ilikuwa na wifi wawili: mmoja hashiki, mwingine hazimiki. Mzaha huo niliutunga mwenyewe, na kila jirani aliusikia, aliyetaka na asiyetaka. Yule asiyeshika alikuwa intaneti ya nyumbani, kisanduku cheupe chenye antena mbili kilichokaa sebuleni juu ya kabati la vyombo. Yule asiyezimika alikuwa dada wa mume wangu, fundi cherehani, ambaye mtaa mzima ulimwita Tarumbeta, maana akimsalimia mtu wa barabara yetu, wa barabara ya pili huitikia.

Lazima nieleze nyumba ilivyokaa. Sebule iko katikati. Kulia ni chumba changu na mume wangu. Kushoto ni chumba cha wifi, chenye pazia la maua badala ya mlango, kitanda chembamba, cherehani ya miguu, na vitambaa vya watu vilivyorundikwa mpaka dirishani. Jiko na bafu viko uani. Mume wangu ni mpaka rangi, huondoka asubuhi na kurudi jioni na rangi kwenye kucha. Mimi ni mwalimu wa hesabu. Nafundisha kwa kompyuta nikiwa chumbani, na wanafunzi wangu wako majumbani kwao.

Kazi hiyo ilikuwa imeanza kuning'inia kwenye uzi. Mtandao ulifika chumbani kwangu ukiwa hoi. Naeleza sehemu na asilimia, nainua kibao changu kidogo, kumbe watoto wananiona nimeganda, mdomo wazi, jicho moja limefumba. Walikuwa wanapiga picha nikiwa hivyo na kutumiana. Mwalimu mkuu, mwanamke mpole ambaye upole wake unauma kuliko kofi, alinipigia simu kuniambia kwamba wazazi wamelalamika, na ikiendelea hivyo vipindi vyangu atapewa mtu mwingine. Nililia sana siku hiyo. Nilishawahi kukaa bila kazi, na kukaa bila kazi katika nyumba yenye wifi kama yule simwombei hata adui yangu.

Mtu atauliza kwa nini sikufundishia sebuleni, kwenye mtandao mzuri. Sebuleni ndiko wateja wa wifi walikopimwa viuno, na penye wateja wake pana kelele zake. Siku moja nilipita na kikombe cha chai, akapaza sauti huku pini zimemjaa mdomoni.

"Mwalimu, unafundisha watoto wa watu kujumlisha. Mbona humu ndani miaka yote moja na moja bado ni mbili?"

Wateja wakacheka. Sina mtoto, na kila mtu anajua.

"Heri mimi najumlisha polepole," nikamjibu. "Kuna watu walipelekwa kwa mume wakarudishwa kama gauni lililombana mteja."

Wateja wakacheka zaidi, naye akacheka kuliko wote, mpaka pini zikamdondoka. Ndivyo tulivyoishi. Watu husema vikombe vikikaa kabati moja havikosi kugongana. Sisi tuligongana kabla ya chai na baada ya chai, na mtu asidhani nilikuwa napenda. Nilikuwa nalala natunga majibu ya kesho yake.

Dawa ya mtandao niliiona kwenye video. Uso wa mwenyewe haukuonekana, ilikuwa mikono tu inakata bati, na sauti ikieleza taratibu. Mtandao, ilisema, hutawanyika pande zote kama mwanga wa taa, hata pande ambazo huna haja nazo. Simamisha bati linalong'aa nyuma ya antena, na ule uliokuwa unapotea bure utarudishwa upande wako. Niliipenda sana hiyo sentensi. Sikujiuliza huo unaopotea bure unapotelea kwa nani.

Jikoni palikuwa na debe tupu la mafuta ya kupikia, lile la bati la pembe nne. Nililiosha kwa maji ya moto na sabuni, kisha nikatafuta cha kukatia. Kisu kiliteleza kikanikwangua kidole. Wifi alikuwa ameenda kununua zipu. Nikaingia chumbani kwake nikachukua mkasi wake mkubwa.

Anayewajua mafundi cherehani hapa ameshashika kichwa. Mkasi wa kitambaa haukatiwi hata karatasi, seuze bati, usije ukafa makali. Nilijua. Lakini kipindi changu kilikuwa kinakaribia, na hasira za zile pini na kile kicheko zilikuwa bado hazijapoa. Nilikata debe ubavuni, nikaondoa kitako, nikalikunja likawa nusu duara, nikabandika ndani yake karatasi ya foili ya kufungia chakula. Nikalisimamisha juu ya kabati, nyuma ya antena. Tumbo la debe lilitazama kulia, kwangu. Mgongo ulitazama kushoto.

Nilipofungua kompyuta chumbani, nilitaka kupiga vigelegele. Picha zilikuwa safi mno. Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa na makombo ya mkate shavuni, nikamwambia ajifute, na darasa zima likashangaa kwamba mwalimu anaona. Nilifundisha vipindi vyote bila kuganda hata mara moja. Mwalimu mkuu aliniandikia neno moja tu, "Hongera," na nikalisoma tena na tena.

Wifi alirudi, akakaa kwenye kazi yake, akatandaza kitambaa cha mteja, akatia mkasi. Mkasi haukukata, ulitafuna. Nilikuwa sebuleni nikamsikia anashusha pumzi. Nilijiandaa kwa tarumbeta. Hakupiga kelele. Alitoka ameubeba mkasi kwa mikono miwili, akatazama debe juu ya kabati, akanitazama mimi, akasema kwa sauti ya chini ambayo sikujua kama anayo.

"Huu mkasi nilipewa na fundi aliyenifundisha kazi. Wifi, mimi na wewe basi. Neno langu hutalisikia tena humu ndani."

"Ahadi hiyo uitimize," nikamwambia.

Kwetu, kununa ni kazi yenye taratibu zake. Aliyenuna hasalimii, haombi chumvi, na huweka sufuria chini kwa kishindo ili asiyejua ajue. Aliyenuniwa hujifanya hajaona chochote. Atakayeongea wa kwanza ameshindwa, na ushindi huo husimuliwa hata mwaka unaofuata. Mimi na wifi tulikuwa mabingwa. Kwa hiyo nyumba ilipokuwa kimya, sikushtuka. Nilishukuru.

Lakini kununa kwake safari hii hakukuwa na kishindo. Hilo lilinisumbua kidogo. Alipita sebuleni, akaosha vyombo uani, akaanika nguo, na sikusikia hata kijiko kikigonga sahani. Nilijiambia ameamua kununa kwa ustaarabu.

Kisha nikapita karibu na pazia lake lililokuwa wazi kidogo. Alikuwa anashona. Miguu inakanyaga, gurudumu linazunguka, sindano inapanda na kushuka. Cherehani ile ilikuwa na mlio wa kuamsha wafu, mume wangu alishasema ataizika siku moja. Sasa haikutoa sauti yoyote. Nilisimama pale nikasikia nzi dirishani kwa wifi, nikasikia maji yakidondoka bafuni, lakini cherehani iliyokuwa mbele yangu sikuisikia. Nikajiambia ameitia mafuta.

Siku hizo hizo alikuja mteja wake wa miaka mingi, mwanamke anayeuza maziwa. Wifi alitoka na gauni lake limekunjwa vizuri, akasimama mbele yake kiasi cha kugusana. Yule mama akaninyooshea shingo mimi niliyekuwa nyuma.

"Mwalimu, hivi mtaa huu hauna fundi cherehani? Nina kitambaa changu nataka kushonesha."

Nikadhani nao wamegombana, na anamfanyia kusudi. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Wifi alifungua mdomo. Alimgusa yule mama begani. Yule mama akajipangusa pale begani bila kutazama, akaaga, akaenda zake. Wifi akabaki amesimama na gauni mkononi. Nikaingia chumbani kufundisha.

Jumapili mchana nilipakua sahani tatu. Mume wangu alikuwa nyumbani, amevaa shati safi, na ana njaa.

"Kuna mgeni?" akauliza.

"Mgeni gani?"

"Naona sahani tatu."

Nilicheka, maana mume wangu hana mizaha mingi na huo haukuwa mbaya. Wifi akaja, akakaa mahali pake, akachota, akainua kijiko. Kijiko kikasimama katikati ya sahani na mdomo wake. Siyo kwamba alipumzika. Aliganda mzima, jicho moja limefumba, tone la mchuzi limening'inia chini ya kijiko bila kuanguka. Niliwahi kujiona nikiwa hivyo, kwenye zile picha walizotumiana watoto. Nilitaka kumwambia mume wangu atazame. Kabla sijasema, wifi alikuwa kwenye pazia lake, kiti kimerudishwa mezani na kijiko kiko juu ya sahani. Sikumwona akiinuka. Hakuna aliyeinuka.

"Hiki kinapoa bure," mume wangu akasema, akavuta sahani ya dada yake kwake akaendelea kula.

Wifi aliniangalia mimi. Midomo ilianza kutembea, na sauti ikaja nyuma yake, imechelewa, vipande vipande.

"Wi… …na… …siki… …kila…"

Niliinuka nikamfuata nyuma ya pazia, nikasema wa kwanza. Katika maisha yangu yote nilikuwa sijawahi kusema wa kwanza.

"Nimeshindwa. Umesikia? Nimeshindwa mimi. Wifi, ongea."

Alikuwa analia. Niliyaona machozi kabla ya kukisikia kilio. Nilimsogelea mpaka pua zetu zikakaribiana, na katika vile vipande nikaokota maneno machache. Alikuwa ananiambia kwamba hakununa. Alikuwa amenisamehe siku ile ile ya mkasi, jioni yake, akanisalimia, sikuitikia. Akanisalimia asubuhi. Akamwita kaka yake kwa jina la utotoni. Amekuwa anatuita humo ndani kila siku kwa sauti yake yote, na sisi tunapita na vikombe vyetu vya chai.

Niliogopa kuliko ninavyoweza kueleza. Nilimshika mkono. Ulikuwepo, ulikuwa na joto, lakini kila baada ya muda kidogo nilijikuta nimeshika hewa, kisha mkono unarudi.

Kwa kuwa alikuwa anakatika kama simu ya mbali, nikaenda kumwita fundi wa mtandao. Sikuwa na mtu mwingine wa kumwita. Alikuja kesho yake, mtu mzima mwenye mkoba wa nyaya, akalicheka debe kwa upendo.

"Mama, wewe ungeajiriwa na kampuni. Wenzako wananunua vifaa vya bei mbaya, wewe umemaliza kwa debe la mafuta." Akatembea na simu yake ya kupimia, akaingia chumbani kwangu, akatoka. "Kulia kuko safi kabisa. Unataka nini tena?"

"Pima kushoto."

"Kushoto wapi?"

"Chumba kile."

Akatazama nilikoonyesha. Akanitazama mimi, kwa adabu, kama mtu asiyetaka kumkosea mwenye nyumba. Akasogea kwenye pazia la maua, akakunja vidole, akagonga. Pazia lile ninalifua mimi. Ni kitambaa chepesi, upepo ukipita linajaa. Alipoligonga lililia ko, ko, ko.

"Huu ndio ukuta wa mwisho, mama," akasema. "Nyuma ya hapa ni uchochoro."

Chini ya pazia niliona vidole vya miguu vya wifi, vimejikunja. Alikuwa amesimama upande wa pili, akisikiliza.

Fundi akaondoka. Nilikaa sebuleni mpaka mume wangu aliporudi, na hata viatu sikumwacha avue.

"Dada yako anapotea," nikamwambia.

"Dada gani?"

"Mume wangu, nakuomba. Siyo leo."

"Mwalimu, mimi sina dada. Nilizaliwa peke yangu, nikalelewa peke yangu. Umechoka na kazi."

"Mama yenu alipofariki nani alikubeba? Sare yako ya kwanza ya shule ilishonwa kutoka gauni la nani? Nani aliacha shule ili wewe usome?"

Mume wangu si mtu mbaya. Aliketi chini, akaweka mikono yake yenye rangi magotini, akajaribu kweli kweli. Nilimwona anatafuta.

"Nakumbuka mgongo," akasema mwishowe. "Mgongo wa mtu, una joto, na kitambaa kinanuka sabuni. Uso siuoni. Labda alikuwa jirani."

Wifi alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake. Alikuwa ameinua mkono kumwekea kichwani, akasikia hilo, akaushusha.

Hapo ndipo nilipopata kichaa, na kichaa changu huwa kinafikiri vizuri. Nilijiuliza kwa nini wale waliompenda wamemsahau, na mimi ninayemuona kero ndiye ninayemuona. Mume wangu alimpenda dada yake kama mtu anavyopenda paa la nyumba, hana haja ya kulitazama. Wateja walimpenda kwa nguo zao. Mimi nilikuwa naye kichwani toka naamka mpaka nalala. Nilikuwa namjibu nikipika, namjibu nikioga, namjibu nikifundisha asilimia. Hasira yangu ndiyo kamba pekee aliyobaki nayo. Na debe langu, kwa mgongo wake, lilikuwa linamnyang'anya kila kitu kingine na kukimwaga chumbani kwangu.

Asubuhi, mume wangu akiwa bado anavaa, wanafunzi wangu walikuwa wameanza kuingia darasani. Nilisikia sauti zao kwenye kompyuta, "Mwalimu, shikamoo, mwalimu." Nilipanda kwenye kiti nikaliondoa debe. Sauti zao zikakatika hapo hapo. Nilijua nimeaga kazi, na iliniuma, sitasema uongo. Nikasubiri.

Hakuna kilichobadilika. Wifi alifungua pazia, akanionyesha simu yake, mtandao umerudi. Yeye hakurudi. Midomo ilitembea bila sauti.

Nikasema, kama kilichochukuliwa kilichukuliwa na debe, basi debe litakirudisha. Nikalisimamisha tena, safari hii tumbo kushoto, mgongo kulia.

Cherehani ilianza kulia peke yake. Hakuna aliyeikanyaga, ni mlio wote uliokuwa umezuiwa uliotoka kwa pamoja, na nyuma yake sauti ya wifi, nzima, kubwa, imeanzia katikati ya sentensi.

"—na sijui mmekuwa viziwi au mmelogwa, naita mpaka koo linakauka, watu wazima mnapita tu!"

Nililia kwa furaha. Kioo cha kabati kilitetemeka. Wifi alisikia sauti yake mwenyewe akajishika mdomo, akaanza kucheka, nami nikacheka, tukashikana mikono katikati ya sebule tukarukaruka kama wasichana.

Ndipo nikamwona mume wangu. Alikuwa kwenye mlango wa chumba chetu, anafunga vifungo vya shati. Mkono ulisimama kwenye kifungo cha pili. Jicho moja lilifumba. Kisha hakuwa mlangoni, alikuwa kando ya kitanda, kisha mlangoni tena, midomo ikinisemesha bila sauti. Nilimwita. Niliita jina lake, na jina lenyewe lilikuwa zito kulikumbuka. Nilisimama pale nimeshika mkono wa wifi, na sikusogea. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilimtazama mume wangu, nikamtazama wifi, na miguu yangu haikujua iende wapi.

Wifi hakujiuliza. Alipogeuka akaona, alipiga ukelele ambao mtaa mzima, kwa mara ya mwisho, ulipaswa kuusikia.

"Toa! Toa hilo debe! Huyo ni mdogo wangu!"

Hakunisubiri nitoe. Aliparamia kabati kwa magoti, vyombo vikaanguka, akalikamata debe kwa mikono miwili, akalitupa sakafuni, akaruka juu yake. Alilikanyaga kwa visigino mpaka likawa bapa, huku anatukana. Na kila alipokanyaga, sauti yake ilipungua. Mkanyago wa mwisho niliuona tu, sikuusikia.

Mume wangu akatoka chumbani anamalizia vifungo. Akatazama vikombe vilivyovunjika.

"Kumetokea nini hapa? Umeanguka?" akauliza, akaanza kuokota vigae kandokando ya miguu ya dada yake.

Alipokwenda kazini nilikaa sakafuni. Wifi alikaa mbele yangu. Nilimwona vizuri, mpaka jasho juu ya mdomo wake, lakini maneno yalinifikia kana kwamba yanatoka ndani ya ukuta.

"…tukane," akasema.

"Nini?"

"Nitukane… Ukinitu… nasiki…"

Nikaelewa. Nikapangusa machozi, nikaanza. Nilimwambia anakoroma kama jenereta. Nilimwambia chai yake ni maji ya kunawia. Nilimwambia suruali alizoshona zote zina mguu mmoja mrefu, na mume aliyemrudisha alikuwa na akili kuliko sisi tunaomlisha. Rangi ilimpanda usoni. Mabega yakajaa. Nilipofika kwa marehemu bibi yake, alilipuka.

"Na wewe je? Kichwa kimejaa hesabu na tumbo halijui hata kuhesabu moja!"

Ilikuwa sauti yake yote. Halijawahi kunifurahisha tusi kama lile.

Tangu siku ile hatujapatana, na hatutapatana. Vipindi vyangu walipewa watu wengine. Asubuhi naamka, naenda kwenye pazia, naanza naye kabla sijanawa uso, naye ananijibu, anashona nguo za wateja ambao hawaji. Mchana tunarudia. Majirani wameanza kunipisha njiani. Mwanamke muuza maziwa huacha chupa mlangoni na kukimbia. Mume wangu husimama na kuniuliza kwa huruma, "Unagombana na nani, mke wangu?" Nikimwambia nagombana na dada yake, hutazama ninakotazama, kwa adabu, na jioni huja na dawa ya usingizi kutoka duka la dawa.

Nayavumilia yote hayo. Linalonitisha ni jingine.

Jana nilimletea chai. Alikuwa ameinama juu ya kitambaa, miwani imemshuka puani, anapenyeza uzi kwenye sindano na kukosa, anaulowesha kwa ulimi na kujaribu tena. Akaninong'oneza, bila kuinua macho, kwamba rangi hiyo ingenipendeza, na kwamba akipata kipande kinachobaki atanishonea blauzi. Nilisimama na kikombe nikimtazama. Nilikumbuka jinsi alivyolirukia lile debe. Nikajipekua moyoni, pembe zote, nikitafuta ile hasira iliyonilaza na kuniamsha miaka yote, na sikuikuta. Nilikuwa nampenda.

Cherehani ikaanza kunyamaza.

Aliinua uso, akanitazama, akajua. Midomo yake ilinena neno moja, nami nikafungua yangu haraka nimtukane, nikasimama pale mdomo wazi, na matusi yote yamenitoka kichwani.